Damu ya Sheba si hedhi, ndiyo maana hesabu yako ilikataa

Swali: Shikamoo daktari. Nipo Gungu, Kigoma. Nina mbwa jike wa kienyeji, Sheba, ana mwaka mmoja na miezi minne. Tarehe 22 mwezi wa saba alianza kutoa damu, nikajua ni hedhi. Nikamfungia bandani siku 11 mpaka damu ikafifia, halafu nikamwachia, maana kwa hesabu ninayoitumia mwenyewe nilijua siku za hatari bado kidogo na nitamfungia tena. Kesho yake, tarehe 3 Agosti, nikamkuta mbele ya duka amenasana na dume, na wengine wanne wamewazunguka. Leo ni tarehe 31. Nimempima mkojo kwa kile kijiti cha mimba cha duka la dawa, umetoka mstari mmoja tu. Ina maana hana mimba? Naweza kumchoma sindano ya miezi mitatu ili hili lisijirudie? Na je, mbwa akizeeka hedhi hukoma kama kwa wanawake?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na la haraka kabla hujakwenda popote: hiyo sindano usimchome, na hicho kijiti usikiamini. Kwa jinsi ulivyoeleza, Sheba alipandwa katika siku zake zenyewe, kwa hiyo jiandae kama mtu mwenye mbwa wa mimba mpaka daktari wa mifugo akuambie vinginevyo. Sasa tukae tuongee, maana maswali yako matatu yana mzizi mmoja.

Hesabu yako haina kosa lolote kwa binadamu. Kwa mwanamke, mji wa mimba hutandikwa kila mwezi kama kitanda cha mgeni. Yai likishapevuka na kutoka, pale lilipotoka kwenye kifuko cha mayai panabaki kitezi kidogo cha manjano. Kitezi hicho ndicho kinachotoa projesteroni, homoni inayokishikilia kitanda kisibomoke. Umri wake ni mfupi, kama wiki mbili. Mimba ikiingia, kichanga kile kisichozidi punje ya mchele hupeleka homoni yake ya kukiambia kitezi kiendelee na kazi. Ujumbe usipofika, kitezi hufa, projesteroni hushuka, na kitanda chote huporomoka na damu. Hiyo ndiyo hedhi: inakuja mwishoni, na inakuja kwa sababu mgeni hakutokea. Kutoka hapo ndipo mwanamke anapoanza kuhesabu upya, na yai lijalo liko mbele, kama wiki mbili hivi kwa wengi.

Wanyama wanaoishi hivyo ni wachache mno, na wewe bahati yako unakaa jirani nao. Panda boti pale Kibirizi uende Gombe: wale sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia mwaka 1960 wana hedhi kama yako, mzunguko wao ukiwa siku 35 au 36 hivi. Tofauti ni kwamba sokwe jike hafichi kitu. Siku za rutuba zikikaribia, makalio huvimba yakawa ya waridi, yanaonekana hata kwa mtu aliye ng'ambo ya korongo, na madume wote wanajua habari. Uvimbe ukisinyaa, baada ya siku kadhaa hedhi hufuata. Hata hivyo, damu yenyewe mtafiti huiona mara chache, kwa kuwa sokwe hubeba mimba karibu miezi minane na kisha hunyonyesha miaka. Kati ya mtoto na mtoto hupita kama miaka mitano. Nyani na jamaa zao pia wamo katika kundi hili, pamoja na popo wa aina chache na baadhi ya jamii za sange, yule mdogo mwenye pua kama mkonga. Mbwa hayumo. Wala paka, mbuzi, nguruwe au simba.

Basi damu ya Sheba ni ya nini? Ni ya mwanzo. Mbwa hukaa miezi mingi kifuko chake cha mayai kimetulia kabisa. Siku kikiamka, mayai huanza kukua na kumwaga estrojeni, na estrojeni huujaza mji wa mimba damu mpaka mishipa midogo inavuja. Hakuna kitanda kilichobomoka hapo, kitanda ndiyo kwanza kinatandikwa. Sehemu za siri huvimba, jike hukojoa kidogo kidogo kila kona, na madume wa mtaa mzima hupata barua. Lakini katika siku hizi yeye mwenyewe hataki. Dume akimsogelea, huketi chini, au humgeukia kwa meno. Kipindi hiki huchukua kama siku 9 kwa wastani, ila nimewaona wa siku 3 na wa siku 17, kwa hiyo wastani usiutegemee kumfungulia mtu mlango.

Halafu estrojeni inaanza kushuka na projesteroni inapanda, na hapo ndipo damu inapofifia. Kama ungemfuta Sheba kwa kipande cha pamba nyeupe tarehe 23 Julai ungeona wekundu mzito. Ungemfuta tarehe 2 Agosti, ungeona rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Wenye mbwa wengi wakiiona rangi hiyo hupumua, wakasema yamekwisha. Na ndiyo dakika ambayo yanaanza. Ulimfungia siku zote ambazo angewang'ata madume, ukamfungulia siku aliyoanza kuwataka. Usijilaumu sana. Kwa miaka niliyofanya kazi hii, watoto wa mbwa wasiotarajiwa ambao nimewachanja, wengi wao walitungwa siku mbili tatu baada ya damu kufifia.

Ukitaka kujua siku nyingine bila kipimo chochote, simama nyuma yake, mkwaruze taratibu kwa vidole juu ya shina la mkia. Aliye tayari husimama kama amegandishwa, akaupeleka mkia pembeni kabisa, upande mmoja, na kuinua kiuno kidogo. Asiye tayari huketi au kuondoka. Mimi huwaamini mbwa wenyewe kwa hili kuliko kalenda ya ukutani. Hali hiyo nayo hudumu siku 9 hivi, wengine wiki mbili na zaidi.

Hapa niingize ng'ombe, kwa kuwa damu yake inasema jambo la tatu. Nilipokuwa Igunga kule Tabora, mzee mmoja mfugaji alinijia asubuhi na mapema na baiskeli, anataka mtamba wake ahimilishwe, yaani atiwe mbegu kwa mrija bila dume. Nikamuuliza umejuaje yuko kwenye joto, yaani zile siku za kutaka dume? Akasema ameona damu mkiani. Nikamwambia mzee wangu, tumechelewa. Ng'ombe joto lake ni la masaa tu, mara nyingi kati ya 12 na 18, na hawa wetu wa kienyeji huwa fupi zaidi, tena la usiku. Uzi wa damu unaoonekana mkiani hutoka siku mbili au tatu baada ya joto kupita na yai kutoka. Tukahesabu siku 21 za mzunguko wa ng'ombe, tukarudi nyuma hizo siku mbili tatu, nikampa tarehe ya kuanza kukesha zizini. Mzee alicheka, akasema basi mke wangu, ng'ombe wangu na mbwa wangu kila mmoja ana lugha yake. Ndivyo. Kwa mwanamke damu ni mwisho wa safari ambayo haikuleta mimba, kwa ng'ombe ni vumbi la basi lililokwisha kupita, kwa mbwa ni honi ya basi linalokuja.

Mbwa ana mambo mengine mawili yanayoharibu hesabu za watu. La kwanza, yai lake hutoka likiwa bichi, halijakomaa, na huhitaji siku mbili hadi tatu ndani ya mirija kabla ya kuweza kurutubishwa. La pili, mbegu za dume la mbwa ni vumilivu sana, hukaa hai ndani ya jike karibu wiki nzima. Kwa hiyo jike aliyepandwa leo anaweza kushika mimba siku tano baadaye, ukiwa umeshamfungia na kufuli juu. Na kwa kuwa hutoa mayai kadhaa kwa mara moja, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Uliona madume watano mbele ya duka. Wewe umemshuhudia mmoja. Akija kuzaa mweusi, mwekundu na mwenye masikio ya kulala, usishangae wala usitafute mchawi.

Kunasana kwao, nalo niliseme kwa sababu watoto wa mitaani hupenda kuwapiga mawe au kuwamwagia maji. Dume huvimba ndani, jike humbana, wakageuziana mgongo, na wanaweza kukaa hivyo dakika tano au nusu saa na ushee. Kuwavuta kwa nguvu huwaumiza wote wawili na hakuzuii mimba, mbegu zimeshaingia zamani. Waache wajiachie.

Sasa turudi kwenye kijiti chako. Kile kijiti kinatafuta kitu kimoja, ile homoni ambayo mimba ya binadamu huituma kukiambia kitezi cha manjano kisife. Sheba hana homoni hiyo na hatakuwa nayo hata akiwa na watoto kumi tumboni, kwa sababu kwa mbwa hakuna anayehitaji kutuma ujumbe. Vitezi vyake vya manjano hukaa na kufanya kazi takriban miezi miwili baada ya joto, awe amepandwa au hakuona dume hata kwa mbali. Mwili wa mbwa hauulizi kama mgeni amefika. Hutandika, hupika, hungoja siku zote zilizopangwa, ndipo huondoa vyombo. Ungempima Sheba kwa vijiti mia, vyote vingetoa mstari mmoja.

Ukilishika hilo, mengi yanayowachanganya wenye mbwa yanajieleza yenyewe. Nilishaletewa jike mmoja pale Mwanga, hajawahi kupandwa, chuchu zimejaa maziwa, na mdomoni ana kandambili moja ya mtoto. Hakuitafuna. Aliilaza sakafuni pale kwenye chumba changu, akajikunja kuizunguka, akaanza kuilamba. Mwenye mbwa alidhani amerogwa au kichaa cha mbwa kimeanza. Hapana. Alikuwa na wiki kama nane tangu joto lake. Projesteroni ya miezi miwili ilikuwa imeshuka, prolaktini ikapanda, ile inayoleta maziwa na moyo wa kulea, na mwili ukatafuta mtoto wa kumnyonyesha. Mimba hiyo ya uongo si ugonjwa kwa wengi. Usimkamue, maana kukamua kunaita maziwa mengine. Ondoa kandambili, mtembeze, na katika wiki mbili tatu hukauka. Wanabiolojia wengi huona hapa urithi wa maisha ya kundi, kama ya mbwa mwitu, ambapo anayezaa kwa kawaida ni jike mmoja na wengine humsaidia kulea. Mwenye maziwa bila mtoto hakuwa hasara kwa ukoo.

Lakini huku kungoja kwa mwili kuna bei yake, na bei hiyo ndiyo inayonifanya nikukataze sindano. Miezi miwili ya projesteroni kila baada ya joto huufanya ukuta wa mji wa mimba uwe mnene, wenye majimaji, na ulegevu wa kinga. Vijidudu vilivyopanda wakati mlango ulikuwa wazi hupata shamba. Baada ya mizunguko kadhaa, hasa kwa jike wa makamo na kuendelea, mji wa mimba unaweza kujaa usaha. Huja mara nyingi wiki nne hadi nane baada ya joto: mbwa anakunywa maji kupita kawaida, hali, anatapika, tumbo linajaa, wakati mwingine uchafu wenye harufu unatoka nyuma na wakati mwingine hautoki kabisa, na huo usiotoka ndio wa hatari zaidi. Hapo ni kumkimbiza kwa daktari siku hiyohiyo, na dawa yake ya uhakika ni kuuondoa mji wa mimba kwa upasuaji.

Sindano ya miezi mitatu ya wanawake imetengenezwa kwa homoni ya jamii hiyohiyo ya projesteroni. Kwa mbwa ni kumwagia maji aliyekwisha loa. Huongeza hatari ya usaha niliyoisema na ya uvimbe kwenye matiti. Na kwa Sheba wa leo kuna jambo baya zaidi: kama ana mimba, uchungu wa mbwa huanza pale projesteroni inaposhuka. Ukiwa umemchoma sindano inayoizuia isishuke, siku zitafika, watoto watakuwa tayari, na mlango hautafunguka. Najua kuna watu mitaani wanaichoma kwa bei ndogo na kusema mbona wa fulani hajapata tatizo. Waache na wa fulani.

Kujua kama ana mimba, mpeleke wiki hii hii kwa daktari wa mifugo. Leo ana siku 28 tangu apandwe, na ni wakati mzuri sana: mikono yenye uzoefu inaweza kuvihisi vichanga tumboni vimepangana kama shanga kubwa, na baada ya wiki moja hivi maji huongezeka na kila kitu kikawa laini, huhisi tena. Palipo na altrasaundi, kuanzia siku ya 25 huonekana. Picha ya eksirei huonyesha mifupa baada ya siku ya 45 na kuendelea. Wewe usijaribu kuminyaminya mwenyewe.

Mimba ya mbwa ni siku 63 tangu yai litoke. Kwa kuwa siku ya yai hatuijui na mbegu hungoja, ukihesabu tangu kupandwa inaweza kuwa siku 57 hadi 72. Ukiichukua tarehe 3 Agosti, katikati ni tarehe 5 Oktoba, na dirisha lote ni kati ya 29 Septemba na 14 Oktoba. Chakula usikiongeze sana sasa. Ongeza katika wiki tatu za mwisho, ugali wake na dagaa, mara tatu kwa siku badala ya sahani moja kubwa, kwani tumbo litakuwa limebanwa. Vidonge vya chokaa usimpe bila kuelekezwa.

Uliuliza uzee. Mbwa hana ukomo wa hedhi, kwa sababu hiyo hedhi kwanza hana, na joto pia halikomi. Huchelewa tu. Jike kijana huingia joto kila baada ya miezi saba hivi, mwingine mitano, mwingine mwaka. Basenji, mbwa wa asili ya Kongo hapo ng'ambo ya ziwa lenu, huwa mara moja kwa mwaka. Bibi kizee wa miaka kumi na miwili anaweza kukaa muda mrefu bila, ukasahau, kisha akakushangaza kwa mimba ambayo mwili wake hauiwezi. Kwa hiyo kusubiri uzee umsaidie si mpango.

Mpango ni kumtoa kizazi. Baada ya watoto kuachishwa, katika wiki ya sita hadi ya nane, na maziwa yakishakauka, mpeleke akafanyiwe. Asifanyiwe akiwa kwenye joto, mishipa imejaa damu na upasuaji huwa mgumu bila sababu. Kama hutaki upasuaji, basi kila joto mfungie wiki tatu kamili tangu tone la kwanza, na usifungue mpaka siku kadhaa zipite madume wamekoma kuja na yeye anawakataa. Banda liwe la kweli. Dume la mbwa litachimba, litaruka, na nimeona lililong'oa bati. Na wakati huo hakikisha chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijaisha, kwani madume watano wanaopigania jike mmoja hung'atana, na hung'ata na mtu anayepita.

Kuanzia tarehe 27 Septemba mwandalie kona yenye giza kidogo, gunia na nguo kuukuu, mbali na miguu ya watoto. Kama una kipimajoto, mpime njia ya haja kubwa asubuhi na jioni: kawaida yake ni kati ya nyuzi 38 na 39, na ikishuka chini ya 37.5 uchungu unakuja ndani ya siku moja hivi. Ni ile projesteroni inaaga. Akianza kuchimba gunia na kukataa dagaa, kaa karibu bila kumsumbua. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au yakipita masaa mawili kati ya mtoto na mtoto na unajua bado wapo ndani, au ukaona uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, usingoje kukuche. Chukua namba ya daktari wako wiki hii utakapompeleka kupimwa, na umuulize kabisa kama hupokea simu usiku.